Kiti Kilichotazama Mlango

Jumapili saa tisa mchana, baada ya misa na baada ya maharage, televisheni ya nyumbani kwetu Majengo ilikuwa ya mlinzi. Jina lenyewe la filamu hatukulitaja. Tulisema tu "mulinzi anaanza", na majirani wawili watatu wakaingia na viti vyao.

Ilikuwa filamu ya vipindi vingi, kwa Kifaransa, juu ya askari mmoja anayeitwa Kapteni Rolin. Alipewa kazi ya kumlinda waziri mwanamke, ambaye watu wa serikali yake mwenyewe walitaka kumuua. Rolin alikuwa amerudi kutoka vitani akiwa mzima wa mwili tu. Alilala sakafuni karibu na mlango, alimeza dawa kwa kificho, na hata mke wake hakumwamini.

Mama yetu, Nyiransengimana, hajui Kifaransa. Mimi nilifika darasa la sita la sekondari kwa masista, basi nilikaa karibu naye nikimtafsiria neno kwa neno katika lugha yetu ya nyumbani. Na kaka yangu Janvier, Jumapili zile alizopewa ruhusa, alikuwa anaisahihisha filamu na kunisahihisha mimi.

"Angalia huyo mupumbavu," alisema. "Anaangalia watu kwa uso! Uso inadanganya. Angalia mikono. Mikono haijue kudanganya."

Alijua alichokuwa anasema. Yeye mwenyewe alikuwa polisi wa ulinzi wa karibu, mwaka wa saba sasa, akimlinda mbunge mmoja mwenye nyumba kule Himbi, kando ya ziwa. Sisi tulimwita mbunge huyo Onorabule, yaani Mheshimiwa, kama walivyomwita wote, na kwa heshima ya kaka yangu sitaandika jina la mtu huyo.

Filamu ikiisha, mama hakungoja mtu ainuke. Alitoa rozari yake, akataja wale anaowaombea, na kila Jumapili akaanza na Kapteni Rolin.

"Mama," Janvier akalalamika siku moja, "kwa nini unamutaja Rolin mbele yangu? Ni mimi ao ni yeye alitoka mu tumbo yako?"

"Wewe niko nakuona hapa," mama akajibu. "Ule wananikatia filamu akiwa mu hatari, nabaki na wasiwasi wiki muzima."

"Ule analipwa, mama! Tena wanamupa maji ya moto ya kuoga."

"Na wewe, haulipwe? Funga mudomo, tuombe."

Tulicheka, na Janvier alicheka kuliko wote. Lakini alicheka akiwa amekaa kwenye kiti cha papa, baba yetu marehemu, na kiti cha papa kilitazama mlango.

Papa alipokuwa hai, kiti kile chenye mikono ya mbao kilitazama dirisha, kwa sababu alipenda kuuona mlima wa volkano, Nyiragongo, asubuhi. Baada ya kumzika papa, kiti kilibaki vile vile karibu miaka mitano. Aliyekigeuza ni Janvier, baada ya shambulio la Kibati.

Siku ile ya Kibati msafara wa Onorabule ulikuwa unarudi mjini. Janvier alikaa kwenye gari la mbele na mwenzake Landry, kijana waliyetoka naye shule ya polisi. Barabarani alisimama mwanamke mwenye mzigo kichwani, analia, anaomba msaada. Janvier alimtazama usoni. Alitueleza mara moja tu, na hakurudia: alitazama machozi yake, hakutazama vichaka vilivyokuwa nyuma yake. Risasi zilitoka vichakani. Onorabule hakuguswa. Landry alifia mapajani kwa Janvier kabla hawajafika hospitali. Yule mwanamke naye alikufa palepale, na mpaka leo hakuna anayejua kama alitumwa au alikuwa anapita tu.

Tangu siku ile, kwa miaka minne, kaka yangu hakuupa mlango mgongo. Hakunywa kitu chochote ambacho hakukifungua mwenyewe, hata maji ya mtungi wa mama. Alikuja nyumbani na chupa yake, na mama akajifanya haoni. Kanisani alisimama nyuma kabisa, karibu na nguzo, na wakati wa kupeana amani aliinamisha kichwa tu, mikono imebaki mbavuni. Nilimwomba Mungu kitu kimoja. Sikuomba Janvier aache kazi. Niliomba akae. Akae nasi tu, kama mtu wa nyumbani, mpaka chakula kiishe.

Ombi langu lilikuja kuwa na tarehe. Émile, fundi wa kutengeneza simu, alitaka kunioa. Familia yake ni ya Rutshuru, watu wa shamba na ng'ombe wachache, lakini vita viliwafukuza na wakati huo waliishi kambi ya Kanyaruchinya, chini ya mahema ya plastiki. Pamoja na hayo walitaka kufanya mambo kwa heshima. Walitaka kuja kuomba binti kama inavyofanyika kwetu. Msemaji wao anasimama, msemaji wetu anasimama, wanabishana kwa maneno na mizaha, na mwishoni wageni wanatoa jembe. Jembe hilo ndilo linalosema kwamba binti ameombwa kweli. Baba mdogo Havugimana angekuwa msemaji wetu. Lakini neno la kukubali, "mutoto ni wenu", lazima litoke kwenye kiti cha papa. Papa hayupo. Kiti ni cha Janvier.

Tulipanga tarehe mara tatu, na mara tatu Onorabule akasafiri na Janvier. Kila mara watu wa Émile walikuwa wamekwisha kutafuta kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, na kila mara ikachacha ndani ya bidoni, yale madumu ya plastiki, kule Kanyaruchinya. Ndipo mzee wao, Twagirimana, baba mkubwa wa Émile, akatuma neno: "Pombe tatu zimechacha. Ya ine ikichacha, tutaelewa kama nyumba ile haina bibi ya kutupatia." Bibi, kwetu, ni mke.

Nilienda mwenyewe Himbi. Janvier alinipokea nje ya geti, macho yake yakipita juu ya bega langu kwenda barabarani.

"Yaya," nikamwita, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "unakuja ao haukuje?"

"Nakuja."

"Ulisema vile mara tatu."

"Onorabule anakuwa na mukutano siku ya posho," akasema, yaani Jumamosi, siku tuliyopanga.

"Onorabule iko na walinzi sita. Mimi niko na yaya moja."

Akanitazama. Nakumbuka kwa sababu haikuwa kawaida yake kumtazama mtu machoni. "Umurerwa," akaniita kwa jina langu, "mimi naogopa kuja kuharibu. Watu wengi mu nyumba ndogo, na mulango moja."

"Haribu basi," nikamjibu kwa hasira. "Lakini uharibu ukiwa pale."

Neno lile nimeliungama kwa padri, ingawa aliniambia si dhambi.

Alhamisi baba mdogo aliwakusanya watu wa upande wetu ili kila mtu ajue sehemu yake: nani atapokea wageni, nani atajibu nini, jembe litatoka lini. Janvier hakuwepo, alikuwa kazini. Hakuna aliyekumbuka kumweleza. Tulidhani mtoto wa kwanza wa nyumba anajua. Hatukukumbuka kwamba alivaa sare akiwa na miaka ishirini, na harusi zote za ukoo alizikuta katika picha.

Jumamosi alikuja. Alikuja amevaa koti la suti la papa, fupi mikononi, na chupa yake ya maji mkononi. Mama alipomwona akaingia jikoni, akafuta uso kwa kitenge, akatoka tena. Sebule ilijaa. Wageni ukutani upande mmoja, sisi upande mwingine, na Janvier kwenye kiti cha papa, anatazama mlango. Niliwekwa chumba cha ndani na dada zangu wa ukoo, kama desturi inavyotaka, nikachungulia kwenye ufa wa ubao. Nyumba zetu ni za mbao, ufa haukosekani.

Mzee Twagirimana alisimama, mrefu, mwembamba, ndani ya koti zito la mvua ambalo hakulivua.

"Tumepita njia," akasema, "tukaona moshi, tukasema hapa kuna mutu anajua kupika. Tunaomba huyo mupishi."

"Moshi ni ya mulima," baba mdogo akajibu. "Nendeni muombe Nyiragongo!"

Watu wakacheka. 

"Ule mulima tulishaoa mara mingi, iko na hasira," mzee akasema. "Tunataka mwenye kutulia."

"Hapa hatuna binti. Tuko na kuku tu."

"Basi kuku hiyo inavaa viatu, niliiona kwenye misa."

Hata mimi nyuma ya ubao niliziba mdomo kwa mkono. Nilimtazama Janvier. Hakucheka. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso, na macho yake yalikuwa chini, yanahama kutoka mkono mpaka mkono.

Baba mdogo alikataa mara ya tatu, kama inavyotakiwa. Ndipo mzee Twagirimana akakunja uso kwa mzaha, akapaza sauti: "Kumbe mutatukatalia mpaka jua ishuke? Sawa. Niko na kitu chini ya koti hii. Nikiitoa, mutanipa binti mukipenda musipende!"

Wote walijua ni jembe. Jembe halionyeshwi mpaka msemaji aite, na mzee alilificha kwenye koti kwa sababu tu ndiyo desturi. Wanawake walikwisha kuanza vigelegele. Mzee akaingiza mkono kifuani.

Sikumwona kaka yangu akiinuka. Nilisikia kiti kikianguka, kisha nikamwona mzee Twagirimana amelala kifudifudi, mkono umezungushwa nyuma, goti la Janvier mgongoni mwake. Jembe lilianguka kwenye saruji, likalia kama kengele. Vigelegele vikakatika.

Janvier alilitazama lile jembe. Lilikuwa jipya, limefungwa utepe mweupe. Alilitazama kwa muda mrefu, goti bado mgongoni kwa mzee, mpaka baba mdogo akamshika bega na kusema polepole: "Mwana wangu. Ni jembe."

Akaachia. Akarudi nyuma mpaka ukutani.

Wageni wote walisimama. Mmoja wao, mjomba wa Émile, akasema, "Twende. Tulikuja kuomba binti, tumepigwa. Hata kambini hawatufanyie hivi." Émile mwenyewe alibaki katikati ya sebule, hajui pa kuweka mikono. Mama akapiga magoti pale pale, kitenge juu ya vumbi. Nami nikatoka chumbani, jambo ambalo binti anayeombwa hafanyi, lakini sikuona tena kitu cha kulinda.

Mzee Twagirimana aliketi sakafuni. Alikuwa anapapasa bega lake. Akasema, "Mjomba, kaa. Mimi ndiye nilianguka, wewe unaenda wapi?"

Kisha akamgeukia Janvier. "Kijana. Ulikuwa Kibati siku ile?"

Habari husambaa. Kila mtu, mjini na kambini, aliijua. Janvier akaitikia kwa kichwa.

"Mimi nilitoka Rutshuru kwa miguu," mzee akasema. "Hadi leo mutu akifunga mulango kwa nguvu najitupa chini. Bibi yangu ananicheka. Leteni kasiksi."

Kwetu, watu wakikosana na wakitaka kupatana, wanakunywa pombe ya kibuyu kimoja kwa mrija mmoja. Anayetoa ndiye anayeonja kwanza, ili mwenzake ajue hakuna sumu. Walileta kibuyu. Mzee akavuta mrija, akameza mbele ya wote, akafungua mdomo kama mtoto anayeonyesha kwamba amemeza dawa. Akamnyooshea Janvier.

"Nimeonja mimi. Sasa wewe. Lakini kwanza inua kiti ya baba yako. Geuza."

"Kugeuza namna gani, muzee?"

"Unitazame mimi. Mulango, uiachie Mungu."

Pale ndipo kulikuwa na kazi. Kasiksi haikuwa kitu mbele ya lile la kugeuza kiti. Janvier alikiinua, akakishika kwa mikono miwili, akasimama nacho. Mlango ulikuwa wazi. Nje watoto wa jirani walikuwa wanacheza, pikipiki ilipita. Kila mlio ulipokuja, aligeuza kichwa. Mama, akiwa bado magotini, alianza kusema Salamu Maria kwa sauti ya chini, na wanawake wa pande zote mbili wakamfuata.

Akaweka kiti. Mgongo ukatazama mlango, uso ukamtazama mzee na dirisha la papa. Akakaa. Akachukua kibuyu, akafumba macho, akanywa.

"Tena," akasema mzee.

Akanywa tena.

"Sasa nitasema ukweli," mzee akatangaza kwa watu wote. "Ulinishika muzuri, kijana. Bibi yangu hajanikumbata vile tangu Rutshuru!"

Sebule ikalipuka kwa kicheko. Na Janvier akacheka akiwa analia, pombe ikimtoka puani, mpaka baba mdogo akampiga mgongoni. Wakaokota jembe, wakalifuta, mzee akalitoa kwa mikono miwili. Na kutoka kwenye kiti cha papa kaka yangu akasema, kwa sauti nzito kama ya papa: "Mutoto ni wenu."

Alikaa mpaka chakula kikaisha. Simu yake ililia mara nne, nikaona ni Onorabule. Hakuiinua. Alikula nyama, alikunywa maji ya mtungi wa mama, akaomba mengine. Nikiulizwa leo ninataka nini duniani, sitataja nyumba wala amani ya nchi. Nitaomba nirudishiwe mchana ule, nusu saa tu, anapoomba maji ya mtungi.

Jioni akiondoka aliniambia, "Mwaka mupya, baada ya Bonane, naacha kazi. Filamu imebakisha vipindi viwili, ni kweli? Munitunzie. Nitaangalia nikiwa mutu ya bure."

Émile alivitafuta vipindi hivyo, akaviweka kwenye flashi. Tukavitunza.

Januari, kabla hajaacha kazi, vita viliingia mjini. Onorabule alikwisha kuondoka kwa boti siku mbili kabla, akamwachia Janvier nyumba. Janvier alinipigia simu Jumapili. Nilimwambia aache, aje nyumbani. "Niko na funguo za watu," akasema. "Nikimaliza, nakuja." Simu ikakatika, na mtandao haukurudi.

Tulikaa chini ya vitanda siku tatu. Kanyaruchinya ilikuwa imehamishwa, na mzee Twagirimana alikuwa kwetu na mke wake. Siku ya nne yeye na Émile walikwenda Himbi, wakamrudisha Janvier kwenye chukudu, ile baiskeli kubwa ya mbao tunayobebea viazi na makaa, amefunikwa shuka. Ilikuwa risasi iliyopotea, ilipita juu ya ukuta, na hakuna anayejua ilitoka kwa nani. Walimkuta kwenye kiti cha mlinzi ndani ya ua. Mzee ndiye aliyetuambia, hakutaka tusikie kwa wengine: kiti kilikuwa kimeligeuzia geti mgongo. Kilitazama ziwa.

Neno hilo lilimla mzee Twagirimana. Watu walimwambia kwamba risasi ile ingemfikia hata kama angetazama geti, kwa sababu ilishuka kutoka juu. Hakukubali. Kwenye maziko, wakati vijana wanavunja mawe ya volkano kwa mitarimbo ili kaburi lipate kina, alikaa pembeni na kurudia, "Mimi ndiye nilimuambia ageuze kiti." Alirudia mwaka mzima. Mimi pia, Mungu anisamehe, kuna siku nilifikiri hivyo hivyo.

Mwezi uliopita tulimsomea Janvier misa ya mwaka. Baada ya chakula mama akasema, "Wekeni ule mulinzi. Anatungoja tangu zamani."

Tulikuwa wanne: mama, Émile, mzee Twagirimana na mimi. Kiti cha papa kiko vile Janvier alivyokiacha, mgongo kwa mlango, na hakuna anayekikalia. Émile akachomeka flashi. Nikamtafsiria mama kama zamani, neno kwa neno, mpaka mwisho. Na mwisho wa filamu ni huu: waziri anapona, wakubwa waliotaka kumuua wanakamatwa, na Kapteni Rolin anapewa nishani. Anarudi nyumbani kwake. Mke ameondoka, vyumba ni vitupu. Rolin anasimama nyuma ya mlango, mkono kwenye bunduki, anasikiliza hatua za jirani kwenye ngazi. Picha inabaki pale. Amesimama.

Nikamwambia mama katika lugha yetu: "Wamemupa ruhusa. Amerudi nyumbani, mama yake anapika. Anaenda kukaa sasa."

Ilikuwa mara ya kwanza kumdanganya mama yangu, na nilifanya hivyo siku ya misa.

Mama alitazama kioo cha televisheni mpaka majina yakaanza kupita. "Aksanti, mwana wangu," akasema. "Mimi sijue Kifaransa, lakini macho ninayo. Ule mutoto angali amesimama."

Kisha akageuka, hakunitazama mimi, akamtazama mzee Twagirimana.

"Wa kwangu alikaa," akasema. "Muzee, sikia. Miaka ine hakukaa, na Mungu alimukuta amekaa, anaangalia maji. Ni wewe ulimupatia ile kiti. Usiniombe tena musamaha."

Mzee aliinamisha kichwa mpaka kofia ikaanguka. Émile akazima televisheni. Mama akatoa rozari, akashika msalaba, na kabla hatujapiga magoti akatutajia wale tutakaowaombea. Alianza na Janvier. Wa pili alikuwa Kapteni Rolin, apate mahali pa kukaa.